Mshono Chini ya Rangi

Kila siku baada ya masomo, Loisi alivua sare ya shule, akavaa ovaroli la zamani la mama yake, akaikunja mikono ya ovaroli hilo mara tatu na kuingia karakanani. Karakana ya mama yake, Mama Ruti, ilikuwa Chapwa, mjini Tunduma, kando ya barabara ambayo malori hupanga foleni kusubiri kuvuka mpaka. Mama Ruti alichomelea mageti na madirisha. Loisi alikuwa darasa la saba na hodari wa hesabu, kwa hiyo kazi ya kupima na kuchora ilikuwa yake.

Jambo hilo lilimkera Brayson, binamu yake, aliyekuwa fundi pale.

"Siwezi kupangiwa kazi na katoto," alisema kila mara, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Siku moja ya mwaka 2009, bwana Ambilikile alileta gari lake la mashindano. Alitaka lifungiwe kizimba, yaani fremu ya mabomba ya chuma inayokaa ndani ya gari, ili likipinduka paa lisiwabonde waliomo.

"Shikamoo," Loisi alimwamkia.

Ambilikile hakuitikia. Alimgeukia Mama Ruti. "Huyu ndiye mchoraji wako? Roho yangu niiweke mikononi mwa mtoto?"

"Tazama kwanza kazi yake," Mama Ruti alijibu.

Loisi alitoa mfano mdogo alioutengeneza kwa spoku za baiskeli. Alibonyeza umbo la pembe nne, likalala upande. Kisha akafunga spoku moja ya mshazari, kutoka kona hadi kona, akabonyeza tena. Halikutikisika.

"Kwa hiyo nyuma ya viti tutaweka bomba la mshazari," alieleza. "Na hili tao kubwa linalopita juu ya kichwa liwe bomba moja zima. Lisiungwe popote."

Ambilikile alikunja uso. "Mashindano ni Jumamosi. Mkinichelewesha, nitawatangaza mji mzima."

Jumatano Mama Ruti alikwenda Isongole kufunga geti la mteja. Loisi alijikunja ndani ya gari na futi yake ya kupimia, huku Brayson akipiga bodi kwa nyundo.

"Fanya haraka, wewe! Au umelala humo?"

Loisi aliharakisha. Mahali pa kuandika 96 aliandika 86. Brayson alikata bomba na kulikunja kama karatasi ilivyosema. Walipolisimamisha ndani ya gari, mguu mmoja wa tao ulining'inia sentimita kumi juu ya sakafu.

"Umeona hesabu zako?" Brayson alifoka.

Bomba jingine la aina ile halikuwepo Tunduma. Lilipaswa kuagizwa ng'ambo ya mpaka. Brayson hakutaka kusubiri. Aliokota kipande, akakiunga mguuni, akausaga mshono kwa grinda hadi ukawa laini, kisha akapaka rangi nyeusi.

"Ukisema," alimwambia Loisi akimnyooshea kidole, "nitamwambia mama yako kwamba wewe ndiye uliyeniomba. Na hutashika futi tena hapa."

Mama Ruti aliporudi jioni, Loisi hakumwambia. Alinyamaza Jumatano ile na Alhamisi yote.

Ijumaa Ambilikile alikuja kuchukua gari. Aliingia, akavaa kofia ngumu, akajifunga mkanda. Kesho yake angepita kwa kasi kwenye kona za udongo mwekundu za Isansa. Loisi alimwona ameketi chini ya tao lile, akashika mlango wa gari.

"Usiondoke," alisema.

"Nini tena?"

"Tao limeungwa. Nilikosea kupima, tukaweka kipande."

"Mwongo!" Brayson alipiga kelele. "Anatafuta sifa!"

Mama Ruti alichukua tupa na kukwangua rangi mguuni mwa tao. Mshono ukaonekana. Akalifungua tao, akalibana chini ya boriti ya chuma na kulisukuma kwa jeki. Jeki ilipokazwa kidogo tu, kiungo kilipasuka kwa mlio mkali na kipande kikaruka hadi ukutani.

Ambilikile alikitazama, kisha akapiga teke kopo la rangi. "Mmeninyima mashindano! Nyinyi si mafundi, ni wauaji!" Aliondoka kwa miguu, akitukana hadi alipofika kwenye malori.

Mama Ruti alimwondoa Brayson kwenye kazi zote za magari. Loisi naye alifanya kazi upya. Bomba lilipofika, alipima mara tatu, na mama yake akapima tena baada yake. Safari hii jeki ilikazwa hadi mpini ukagoma. Tao halikupasuka.

Wiki iliyofuata Ambilikile alirudi. Hakumsalimu mtu. Alichukua tupa mwenyewe, akakwangua rangi mpya mahali pengi, akitafuta mshono. Hakuupata. Aliwasha gari akaondoka.

Machozi yalimlenga Loisi. "Hata asante, mama! Na mimi ndiye niliyesema ukweli."

"Sisi tunataka arudi nyumbani mzima, asante yake aendelee kukaa nayo," Mama Ruti alisema. "Sikiliza, mwanangu. Kupima vibaya ni kosa, na kila fundi hukosea. Kosa lile lingetugharimu bomba moja tu. Siku mbili ulizonyamaza ndizo zilizotaka kumuua mtu. Ukificha kosa, anaumia mwingine ambaye hata hajui kwamba lipo."

"Nilimwogopa Brayson."

"Najua. Mimi pia huwa naogopa. Siku nyingine ogopa, lakini sema siku hiyohiyo."