Jina Kwenye Ukosi wa Gauni la Kijani

Jumatatu ile gauni la kijani lilikutwa limelowa kwapani.

Aliyelikuta ni Doreen Pask, mvalishaji wa waigizaji, nami nilikuwa upande wa pili wa meza nikipiga pasi mashati ya mabaharia. Jumamosi tulikuwa tumelifua kwa mikono, maana ni sufu na mashine hulisinyaza. Jumapili hatuna onyesho. Doreen huenda misa, mimi huenda kanisani kwetu Peckham, ukumbi hufungwa. Sasa ni Jumatatu saa nne asubuhi, gauni linaning'inia peke yake, na kwapa zote mbili zina jasho. Si maji ya kufulia. Jasho, tena la vuguvugu.

"Umelivaa wewe?" Doreen akaniuliza.

"Kwa mwili huu? Hata mkono hauingii."

Alitaka kucheka, hakucheka. Akachukua chupa ya vodka. Sisi watu wa mavazi huzipulizia nguo vodka kuua harufu, na mtu asiwaambie kwamba tunainywa, ingawa mimi niliwahi, na nimeshatubu. Akapuliza mara tatu. Jasho lilitulia, ikaja harufu nyingine juu yake, ya maua ya yungiyungi, manukato ya kizamani. Doreen akaiweka chupa chini polepole, kama mtu aliyesikia anaitwa.

"Msichana mpya anakuja saa tano," alisema. "Usimwambie kitu."

Mchezo wetu wa nyimbo, *Taa ya Penhallow*, ulikuwa na miaka ishirini na minne. Walioletwa na mama zao sasa walikuwa wanaleta watoto wao. Kila Aprili waigizaji hubadilishwa, na kila Aprili magazeti ya London huuliza swali lile lile: je, bado una uhai, au ni maiti iliyopakwa rangi? Kisha waandishi wao huja, hukaa, hulia, na huandika kwamba ajabu, ni mpya kama jana, hasa yule binti wa mlinzi wa mnara wa taa, mwenye gauni la kijani. Wanawatoa wapi wasichana hawa?

Crispin Lyle, msimamizi wa onyesho, alikuwa akiyakata maneno hayo na kuyabandika ukutani. Kazi yake ni kuhakikisha kila anayeingia anafanya sawasawa na aliyetoka. "Watu hubadilika," alikuwa akisema, "Penhallow haibadiliki."

Msichana mpya aliitwa Nesta Prosser, Mwelisi wa Llanelli, mfupi, mwenye kicheko cha kujaza chumba. Aliingia chumba cha mavazi akiongea na simu kwa Kiwelisi, akatupungia mkono, akamaliza, akasema, "Samahani, mama zangu. Huyo ni Mam, mama yangu. Nisipompigia mara mbili kwa siku anafikiri Waingereza wamenila."

"Bado ni mapema," Doreen akamjibu. "Sisi hula jioni."

Akacheka. Tukampenda papo hapo.

Doreen akamshonea jina lake ndani ya ukosi. Hiyo ndiyo desturi: kila vazi lina utepe mweupe wenye jina la anayelivaa, na anapoondoka utepe hufumuliwa akapewa mkononi, aende nao. Uondoke na jina lako, ndivyo tunavyofundishwa siku ya kwanza ya kazi. Gauni lile lilikuwa limeshonwa upya mara tano, lakini ukosi wake wa lesi ulikuwa ule ule wa mwanzo, ukihamishwa kila mara. Na chini ya jina la Nesta palikuwa na jina jingine ambalo halikufumuliwa. Rosalind Teague.

Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kulivaa. Alimwigiza binti yule miaka tisa, kisha wenye mchezo wakasema sasa anaonekana mtu mzima. Siku yake ya mwisho alimshika Doreen mikono, akamwita jina alilokuwa anamwita yeye peke yake: "Dori kipenzi, niachie jina langu humo. Wamlete wamtakaye, aanzie juu yangu." Doreen alimpenda, akamwachia. Rosalind alikufa kabla ya Krismasi. Tangu hapo wamepita wanawake kumi na watano, wote wakasifiwa, na wote wakatoka kama mito iliyotolewa pamba. Mmoja anauza mikate Croydon. Ukimuuliza jina lake hufikiri kwanza.

Tulijua, basi. Tulijua nusu nusu, kama mtu anavyojua jino lake limeoza.

Alhamisi mchana likafanywa zoezi la kumwingiza. Katika zoezi hilo mgeni peke yake huvaa mavazi kamili. Wengine wote huja na jeans na raba, wengine na kahawa mkononi, maana wao wameshazoea. Kwa hiyo siku hiyo jukwaani huwa na gauni moja tu. Doreen nami tulisimama pembeni, nyuma ya pazia, tukiwa na pini na chupa ya maji. Piano ikaanza wimbo wa taa. Nesta alikuwa mbele kabisa, karibu na ukingo, anaimba huku akiangalia miguu yake asijikwae.

Nikasikia yungiyungi.

Nikainua macho. Juu ya ngazi ya mnara, pale binti anapotakiwa kufika mwisho wa wimbo, palikuwa na pindo la kijani. Lilikuwa linapanda. Halikuwa na haraka, lilikanyaga kila kidato kwa wakati wake, mbele ya Nesta kwa mistari miwili ya wimbo, kama mwalimu anayemwonyesha mtoto njia ya shule.

"Doreen."

"Nimeona. Nyamaza."

Piano ikaisha. Kutoka kwenye viti vya gizani Crispin akasema kwa kipaza sauti, "Safi sana, Nesta. Hasa pale ngazini."

Nesta akageuka, akaiangalia ngazi, akamwangalia yeye. "Sijapanda ngazi bado, Crispin."

Kijana mmoja wa mabaharia alidondosha kahawa yake.

Jumatatu iliyofuata Nesta alianza rasmi mbele ya watazamaji. Sijawahi kusikia uimbaji kama ule. Watu walisimama kabla wimbo haujaisha. Alitoka jukwaani, Doreen akamfungua vifungo, naye akauliza, "Tumefika wapi? Bado hatujaanza?"

"Umemaliza, mwanangu."

"Acha utani, Bi Doreen."

Magazeti yakaandika mpya kama jana. Crispin akabandika. Kila siku Nesta aliimba vizuri zaidi na kukumbuka kidogo zaidi. Kicheko kikapungua, kikawa kingine, cha puani. Akaanza kuketi kwenye kiti cha pembeni, kile cha Rosalind, ambacho hakuna aliyemwonyesha. Jumatano moja, kati ya onyesho la mchana na la jioni, simu ikalia mezani, akaipokea, akasikiliza, uso ukamwisha rangi. Akanipa mimi. "Kuna mwanamke anaongea," akanong'ona. "Simwelewi hata neno moja."

Nikaiweka sikioni. Mama wa watu alikuwa anaita, Nesta, Nesta, kisha maneno ya Kiwelisi, kisha analia.

"Na nani huyo, Dori kipenzi?" Nesta akamuuliza Doreen.

Doreen aliteremka ngazi bila koti akamtafute Padre Aidan, yule anayehudumia watu wa kumbi za maonyesho, ambaye kila Jumatano huja kunywa chai na waigizaji. Alimwambia yote, palepale jikoni, mbele ya birika. Padre hakushtuka. Ni mtu mnene, mpole, mwenye makombo ya biskuti kifuani.

"Fanya uliloacha kulifanya," akamwambia. "Mfumulie Rosalind jina lake, kisha ulipeleke kaburini kwake ukalizike. Usilicheleweshe. Kitu cha namna hii hukaa pale tu kilipokaribishwa, na wewe ndiye uliyekikaribisha."

Jumamosi, baada ya onyesho la mchana, Nesta alikataa kuvua. Alikaa mbele ya kioo na gauni lake, balbu zote zikiwaka, ametupa mgongo. Padre akasimama mlangoni na chupa ya maji ya baraka akisoma taratibu. Mimi niliambiwa nimshike mabega. Nilimshika, na naungama kwamba nilifumba macho, kwa hiyo ninayosimulia sasa mengi niliyasikia tu.

Nilisikia mkasi mdogo wa Doreen ukikata uzi wa kwanza, tiki, na bega lililokuwa chini ya mkono wangu wa kulia likawa baridi kama samaki wa sokoni, na ukakatika wa pili, na harufu ya yungiyungi ikajaa mpaka nikahisi petali kooni, na sauti ikaanza kutoka kwa Nesta ambayo haikuwa ya Nesta, sauti nzuri ajabu, ya mwanamke mtu mzima anayejitahidi asilie mbele ya wafanyakazi, ikisema Dori, mimi ndiye niliyewafundisha wote, Dori, bila mimi watakuwa wasichana tu wanaoimba, uliniahidi, ulikunywa chai yangu miaka tisa, na mkasi ukasita, nikasikia unasita, nikasali usisite, na Doreen akasema kwa sauti ndogo, "Nilikosa, Rosalind. Sikukosa kukupenda. Nilikosa kukubakiza," na nyuzi zilizobaki zikakatika zote kwa mkupuo mmoja, na balbu za kioo zikazimika kuanzia upande wa mlango hadi upande wa dirisha.

Kisha Nesta, kwa sauti yake mwenyewe: "Kwa nini mmenishika hivyo? Na mbona Padre yuko chumbani kwangu mimi sijavaa viatu?"

Simu ilipolia tulimpa. Akasema "Mam," na kilichofuata chote kilikuwa Kiwelisi, kirefu, chenye vicheko na machozi. Tulikaa sakafuni, mimi na Doreen, tukaisikiliza lugha tusiyoijua kama watu wanaosikiliza mvua baada ya kiangazi.

Natamani hadithi iishie hapo.

Jioni ile Nesta aliimba mwenyewe. Alisahau mstari mmoja. Sauti ilimkwaruza pale juu. Watu walipiga makofi ya adabu, wakachukua makoti yao. Ndivyo ikawa wiki ile na iliyofuata. Gazeti moja likaandika kwamba hatimaye Penhallow imezeeka, na kwamba msichana wa Llanelli anajitahidi. Hilo neno, anajitahidi, Nesta alilisoma mbele yetu mara mbili. Viti vya juu vikawa vitupu. Crispin akatutangazia kwamba mambo yakiendelea hivi tutafunga Septemba, na hakumwangalia Nesta aliposema hivyo, jambo lililokuwa baya kuliko kumwangalia.

"Nilikuwa naimba vizuri hivyo kweli?" aliniuliza siku moja. "Wakati ule."

"Ulikuwa unaimba vizuri," nikasema. "Ila hukuwa wewe."

"Lakini koo lilikuwa langu."

Na ule utepe? Doreen aliuweka kwenye kopo lake la vifungo, aupeleke kaburini Jumapili. Jumapili mvua ikanyesha. Jumapili ya pili magoti yalimsumbua. Simlaumu. Mimi ningeweza kuupeleka. Sikujitolea.

Alhamisi moja mchana nilirudi mapema kutoka kula. Nesta alikuwa chumba cha mavazi peke yake, kopo limefunguliwa, anapekua. Nilisimama mlangoni. Nikajiambia anatafuta kifungo.

Nisidanganye, Mungu ananisikia. Nilijua anatafuta nini. Na nikawaza Septemba, na umri wangu, na nani ataajiri mpiga pasi wa miaka hamsini na nane, na jinsi wimbo wa taa ulivyokuwa mzuri. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikakohoa kwa nguvu, nikampa nafasi ya kufunika kopo.

Jumatatu gauni lilikuwa limelowa.

Doreen aligeuza ukosi. Rosalind Teague, juu ya Nesta Prosser safari hii, kwa uzi mweusi wa vile vipakiti vya sindano vya hotelini, mishono mirefu, imepinda, ya mtu asiyejua kushona. Akanitazama. Nikatazama pasi yangu. Hajaniuliza mpaka leo, nami sijamwambia. Ninaandika hapa kwanza.

Tulikwenda chumbani kwa Nesta, Doreen ameshika mkasi. Nesta alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anajipaka rangi bila kutazama kioo, kwa mkono uliozoea miaka tisa.

"Weka chini huo mkasi, Dori kipenzi," akasema. "Mara ya kwanza ulinikaribisha wewe. Sasa amenikaribisha mwenyewe."

Mezani simu ilikuwa inatetemeka, jina Mam likiwaka na kuzima. Akaitazama kidogo, kama mtu anavyotazama mwavuli uliosahauliwa na mgeni.

"Ya nani hii?" akauliza. "Inalia tangu asubuhi. Mpelekeeni mwenyewe."

Jioni hiyo watu walisimama kabla wimbo haujaisha. Mchezo sasa uko mwaka wa ishirini na sita, na bado napiga pasi.