Namba Sita na Mbuzi Kumi na Wawili

Foleni ya benki mjini Butembo ilikuwa ndefu, na Jokébed, muuzaji wa vitenge, alikuwa amevaa kimoja cha njano kilichowageuza watu shingo. Kijana wa nyuma yake, viatu vimejaa vumbi la safari, akamwomba bic ya kujazia fomu. Aliitwa Éliakim, mnunuzi wa kakao huko Beni. Bic hakuirudisha, aliomba na namba ya simu, na mambo yakaanzia hapo.

Baada ya mwaka akataka kuoa. Kwa Wanande, bila mbuzi hakuna bibi arusi, na wazee wa Jokébed walitaja kumi na wawili. Barabara ya Beni si ya kubebea pesa mfukoni, basi Éliakim akawa anaziweka kidogo kidogo kwenye akaunti waliyofungua pamoja. Nenosiri lilikuwa lake. Lakini pesa hazikutoka bila namba sita zilizokuja kwenye simu ya Jokébed. Mama Débora wa guichet, dirisha la kutolea pesa, aliwaonya: "Zile namba hapana kupatia mutu. Hata mimi. Hata bwana yako."

Alhamisi, siku mbili kabla ya dot, yaani siku ya kupeleka mahari, simu ya Jokébed ikalia. Alikuwa Éliakim.

"Chérie, namba sita zimefika kwako?"

"Zimefika sasa hivi. Unatosha franga kwenye akaunti?"

"Hapana! Banki imeniandikia email. Nimefungua, nimeandika nenosiri. Banasema tusipohakikisha mbele ya saa sita, batafunga compte yetu ya mbuzi. Nisomee namba, mbio!"

"Banani banasema?"

"Banki! Iko na muhuri yao."

"Muhuri hata hapa sokoni banachonga. Sikupatii."

"Donc unaniona mwizi?"

"Sijasema vile, mupenzi..."

"Baba ameshaita bajomba yote! Kama haunitumaini, dot ibaki, hakuna ndoa tena." Akamkatia simu.

Jokébed alilia, akakasirika, halafu akafunga duka akapanda pikipiki mpaka benki. Mama Débora alitazama kompyuta yake, akaguna.

"Ile email hapana ya kwetu. Mutu ameingia na nenosiri ya Éliakim, amejaribu kutosha yote mara tatu. Amekosa tu namba zako." Akaizuia akaunti palepale, mpaka Éliakim abadilishe nenosiri.

Jokébed akampigia Éliakim mara nne. Kiburi cha mwanaume, jamani! Hakupokea. Jioni barua pepe ikaingia kutoka anwani ya Éliakim, ambayo nayo ilifunguliwa kwa nenosiri lile lile: *Malaika wangu, roho yangu, nitumie zile namba.* Jokébed akacheka peke yake. Éliakim huyu, ambaye mwaka mzima hakuvuka "chérie"? Akamtumia ujumbe: "Mwizi wako ameniandikia mapenzi kuliko wewe. Kuya usome."

Ijumaa Éliakim alifika dukani, koti limechafuka, macho chini.

"Franga ya mbuzi?"

"Iko yote."

Akakaa juu ya robota la vitenge. "Nilifanya ujinga, tena nikakutukana. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Soma."

Akasoma, uso ukawaka. "Roho yangu? Huyu mushenzi!"

"Mimi nilipenda lile neno. Nilisikia tu uchungu kulipata kwa mwizi."

Wateja wawili walikuwa wakipima vitenge. Éliakim akasimama mbele yao.

"Jokébed, roho yangu. Zile namba sitaki kuzijua. Nataka kuoa mutu aliyeninyima."

Jokébed alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akamwambia kesho awahi na mbuzi wake, baba mkwe wake hapendi kungoja.