Mtu Aliyesimama Kando ya Mashine

Mchana studio ile ya picha hujaa mpaka watu wanakanyagana. Siku hiyo kulikuwa na wanafunzi waliotaka picha za vitambulisho, na mama mmoja aliyeshikilia kwamba pua yake si kubwa kiasi kile. Katikati ya msukosuko huo akaingia kijana mrefu, shati lake la samawati limekunjamana kifuani kwa uzito wa sanduku alilolikumbatia kama mtoto mchanga.

"Dada, samahani, nani anashughulikia picha za zamani?"

"Za zamani kiasi gani?" aliuliza msichana wa kaunta bila kuinua macho.

"Kuliko umri wangu na wako tukiujumlisha."

Akainua macho. Mambo yakaanzia hapo.

Kijana alikuwa ameajiriwa na kampuni ya zana za kilimo, naye ndiye aliyekabidhiwa maonyesho ya historia yake. Sandukuni mlikuwa na picha za majembe ya kukokotwa na ng'ombe, trekta la kwanza lenye magurudumu ya chuma, na mashine ya kupura nafaka iliyokuwa kubwa kama nyumba. Kazi ya msichana ilikuwa kuzisafisha na kuziingiza kwenye kompyuta. Kijana alimwita Bi Vumbi kwa jinsi vidole vyake vilivyochafuka. Yeye akamjibu kwa kumwita Bwana Trekta.

"Bi Vumbi, umekula?" kijana angeuliza kwenye simu.

"Nile saa ngapi na matrekta yako yamejaa mezani?"

"Basi nakuletea chakula, mpenzi."

"Mpenzi wako nani?"

"Huyu anayejifanya hajui."

Msichana alicheka mpaka mwenye studio akakohoa makusudi.

Wakapendana kweli. Walitembea jioni wakitazama madirisha ya maduka, wakibishana rangi ya mapazia ya nyumba ambayo hawakuwa nayo. Siku moja msichana akamdokezea kwamba marehemu babu yake aliwahi kufanya kazi katika kampuni ile. "Kumbe sisi ni ndugu!" kijana akatania, yakaishia hapo.

Kisha, karibu na chini ya sanduku, msichana akaikuta picha ya mashine ya kupura. Kando yake alisimama mwanamume mwembamba, mkono mmoja wa shati umekunjwa juu, ndani hamna kitu. Akaisogeza kwenye mwanga. Nyumbani hawakuwa na picha hata moja ya babu. Alichojua ni kwamba mashine ilimla mkono, na kwamba alifariki kabla yeye hajazaliwa.

Alipofika nyumbani akamuuliza bibi yake, aliyemlea tangu utoto, "Bibi, mkono wa shati la babu mlikuwa mnaufanyaje?"

Bibi aliyekuwa akichambua maharage akasita. "Niliukunja, nikaubana kwa pini mbili zilizopishana. Mwenyewe alipenda hivyo. Kwa nini?"

"Basi tu, bibi."

Kwenye picha pia pini zilikuwa mbili, zimepishana. Hakumwambia bibi wala kijana. Alitaka bibi amwone mumewe ukutani, mkubwa kama alivyokuwa, na papo hapo amtambulishe kijana wake. Furaha zote mbili kwa siku moja.

Siku ya maonyesho alivaa gauni la kijani linalombana kiunoni. Bibi alijifunga kilemba cheupe na kuvaa viatu vilivyomuumiza. Walilipita trekta, wakayapita majembe, wakafika kwenye mashine ya kupura.

"Mtazame, bibi. Kulia pale."

Bibi akasogea, akasogea tena. Kulia palikuwa na gurudumu la mashine, kisha fremu. Picha ilikuwa imekatwa. Kilichosalia ni kivuli cha mtu, kimelala chini kwenye makapi.

Bibi akakigusa kwa kidole. "Ndiye huyu?"

Kijana akaja akitabasamu, tai shingoni. "Shikamoo, bibi! Mpenzi, mbona hivyo?"

"Nani ameikata hii?"

"Ile? Mimi. Bosi alisema wageni wataanza kuuliza habari za mkono. Kwani vipi?"

"Ni babu yangu."

Tabasamu likamfia usoni. "Hukuniambia!"

"Nilikuambia alifanya kazi kwenu!"

"Sikujua ndiye yeye! Wallahi sikujua!"

Msichana akamshika bibi mkono wakaondoka. Kesho yake akaitoa picha nzima kwenye kompyuta ya studio, akampelekea. Bibi aliipakata hadi chakula kikapoa. "Ametazama pembeni," alisema. "Hakupenda kutazamwa." Akalia kimyakimya.

Simu ililia siku nyingi bila kupokelewa. Lakini hasira ilipopoa, msichana akakiri moyoni kwamba kijana hakuwa amejua. Akampigia. "Njoo."

Kijana alikuja amekonda. Alipiga magoti mbele ya bibi, akaeleza kwamba amegombana na bosi mpaka picha nzima ikarudishwa ukutani.

"Inuka, mwanangu," bibi alisema. "Nimekusamehe." Akaingia ndani akawaachia nafasi.

"Nataka tuoane," kijana akasema. "Sina maneno mengine."

Msichana alimshika uso kwa viganja vyake. Alimtamani vilevile. "Nikuulize kitu, mpenzi. Hukujua ni babu yangu, nimekubali. Lakini uliona kwamba ni mtu. Angekuwa babu wa mwingine, ungegombana na bosi?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo.

"Sijui," kijana alisema. "Nadhani nisingegombana."

"Asante kwa kutonidanganya."

"Basi jibu langu ni lipi?"

Msichana alitingisha kichwa kukataa, machozi yakimshuka. Alimsindikiza hadi getini, wakashikana mikono kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa watu wanaoagana. Kisha kijana akaondoka. Msichana alibaki ameshikilia komeo, akimpenda kwa jibu lile kuliko siku zote, mpaka bibi alipomwita ndani.