Upande wa Pili wa Mpira

Tryphosa alikuwa jirani yetu kule Langas, na haya yalimpata mwaka wa kura za mlolongo, watu walipopanga foleni nyuma ya wagombea, mchana kweupe, mvua ikinyesha. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja kiwandani. Ni ule wa kufungasha sufuria kila landilodi anapobadilisha nia. Sasa alikuwa amepewa notisi tena, mwisho wa mwezi awe ametoka. Alitaka mlango ambao hakuna mtu mwingine mwenye ufunguo wake. Basi.

Macharia, mwenye duka, alikuwa na nyumba ya kuuza barabara ya Kaptagat. Mawe, mabati, rangi mpya. Hiyo rangi mpya ndiyo huniudhi. Watu hununua nyumba kwa kutazama rangi, halafu wanakuja kulia. Nyumba hukaguliwa kabla hujatoa pesa: panda dari, gonga kuta, pima sakafu! Tryphosa alilijua hilo, ndiyo maana akaja na shemeji yake Kituyi, fundi wa mawe.

"Ingieni tu, Mama," Macharia akasema, akabaki getini na mwavuli wake.

"Wewe huingii?"

"Viatu vina matope."

Kituyi akapanda dari, akashuka amejaa vumbi. Mbao nzima, hakuna mchwa. Kuta hazikuwa na ufa. Moyoni Tryphosa akaanza kupanga viti.

Ikabaki sakafu. Kituyi akatoa mpira wa maji, mrefu, mwembamba, unaoonyesha ndani, akaujaza maji. Mmoja hushika ncha huku, mwingine kule. Maji yakitulia, wa kule huita "sawa", na fundi anajua nyumba imezama wapi. Kosa la wageni wa kazi hii ni moja: kusahau kidole juu ya mdomo wa mpira. Maji hukwama, na fundi anadanganyika.

Tryphosa akapeleka ncha yake chumba cha nyuma.

"Toa kidole, shemeji!"

"Nimetoa!"

"Maji hayasongi. Toa kidole."

"Nimekwambia nimetoa! Nunua miwani!"

Hakuwa na nguvu za kubishana. Akaitundika ncha yake kwenye msumari wa dirisha, akaja sebuleni, akamwonyesha Kituyi mikono yote miwili.

Kituyi hakutazama mikono. Alikuwa anatazama mpira.

Maji yalikuwa yameanza kusonga. Yakapanda. Yakashuka. Polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Nani yuko huko?" akanong'ona.

"Hakuna mtu. Mimi mwenyewe nimetoka huko."

Kituyi akavuta mpira. Ukakaza. Akavuta tena.

Ukavutwa kutoka upande wa pili.

Kisha sauti ikatoka chumba cha nyuma. Sauti ya Tryphosa mwenyewe, imechoka vilevile.

"Sawa," ilisema. "Lakini nimechoka kushika."

Kituyi akauachia mpira. Ukateleza sakafuni, ukapiga kona, ukatokomea chumba cha nyuma.

Walipotoka mbio hadi getini, Macharia hakuwauliza wameionaje nyumba. Aliuliza, "Imewaachilia?"

"Ulijua!" Tryphosa akamfokea. "Ulijua, na ukapaka rangi!"

"Mama, kila anayekuja huuliza bei. Hakuna aliyewahi kuniuliza mbona nauza."

Tryphosa akasimama pale mvuani. Na nitasema ukweli kama alivyoniambia: kwa muda kidogo alifikiria kuinunua hivyohivyo. Ndivyo alivyokuwa amechoka. Mlango ni mlango. Kituyi akamshika mkono, wakaenda.

Mwisho wa mwezi alihamia chumba kimoja cha kupanga, mtaa wa Huruma. Plasta kavu, mabati mazima. Asubuhi ya kwanza aliamka akakuta mstari wa unyevu ukutani, mwembamba kama uzi, umezunguka chumba chote, umepita nyuma ya kitanda, nyuma ya kabati, hadi pale ulipoanzia.

Akamwita Kituyi. Kituyi akafumba jicho moja, akaukagua kona kwa kona. Haukupanda wala kushuka popote.

"Umenyooka kabisa, kama uliopimwa kwa mpira wa maji," akasema kwa sauti ya chini. "Na kazi hii, shemeji, haifanywi na mtu mmoja."