Mume Wangu Aliita, Mdogo Wake Akanyamaza

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na sita, naishi Mafinga. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie. Nimekaa na jambo hili moyoni muda mrefu... lakini kiangazi kikianza tu, usingizi unanikimbia.

Nilipoolewa na Festo, baba mkwe alikuwa na shamba la miti ya paini na mashine ya kupasulia mbao. Mzee alianza na msumeno wa mikono, mtu mmoja juu ya gogo, mwingine shimoni. Festo na mdogo wake Aidani walikulia kwenye vumbi la mbao. Kila mwaka, majani yakianza kukauka, aliwapeleka wote wawili kufyeka njia ya moto katikati ya shamba, ili moto ukiingia upande mmoja usivuke wa pili.

Mzee alipofariki, ugomvi ukaanza. Aidani alitaka kukata miti ikiwa bado michanga. Festo akakataa. Wakagawana shamba, na mpaka ukawa ile njia ya moto.

Mwaka huo hakuna aliyeifyeka. Nilimfuata Aidani mashineni nikamsihi. Akacheka mbele ya vibarua.

"Shemeji, mwambie nyapara wako mimi si kibarua wake. Afyeke mwenyewe."

Festo naye akasema, "Aliyetaka tugawane ndiye afyeke."

Nililia mbele ya wote wawili. Nani alinisikia?

Moto ulikuja mchana wenye upepo. Mtu alikuwa anachoma majani shambani kwake bondeni, ukamshinda. Ukapanda upande wetu, ukakuta mpakani majani yanafika kiunoni... ukavuka.

Festo alijua Aidani alikuwa ameshinda upande wake wa shamba akikata miti. "Huyu akiwasha msumeno hasikii kitu," aliniambia, akakimbilia ndani ya miti inayowaka. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Kumbe Aidani alishauona moshi na kutoka. Alikuwa amesimama barabarani, salama.

Tulipomaliza matanga alikuja, akakaa chini sakafuni kama mtoto. Akaniambia alimsikia kaka yake akimwita kutoka kule ndani. Aidani... Aidani... Alidhani anatafutwa ili alaumiwe mbele za watu. Akanyamaza. Sauti ikazidi kwenda mbali, ndani zaidi, mpaka ikakatika.

Miti imeisha, mashine ilishauzwa. Lakini upepo ukivuma mchana, nasikia mtu anaitwa. Tena Aidani ana sauti ya marehemu kabisa! Akisimama mlangoni na kusema, "Kamwene, shemeji," moyo wangu unaruka kabla sijakumbuka. Kisha namwitikia salamu yake. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, lakini namwitikia.

Ndugu wasomaji, mgombane mkitaka. Mgawane hata vijiko. Ila ndugu yako akikuita, itika kwanza. Lawama utazisikiliza baadaye, mkiwa wote wawili hai.