Maji ya Upande wa Shangazi

Huyu alikuwa mume wa binamu yangu, na jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Watu walimwita Mpole. Walimtania kwamba akichelewesha chakula, nguruwe wake humkaripia naye huwaomba radhi. Kila asubuhi alikoroga pumba na mashudu kwenye pipa lililokatwa nusu, huku akimpigia soga nguruwe wake jike mkubwa aliyekuwa na mimba. Jike yule alimsikiliza kwa heshima zote, ilimradi kinywani kuna kitu. Maisha yao yalikuwa hayo, na hayakuwa mabaya.

Kisha mvua ikagoma. Mahindi yalikauka yangali mafupi, majani yakaisha, na mto ukabaki mchanga mtupu. Watu wakafanya kama walivyofanya kila kiangazi: kila nyumba ikachimba kisima chake pale mtoni, kwenye mchanga. Sharti lilikuwa moja, na hata watoto walilijua. Unachimba kwenda chini, na kingo unazilaza ziwe mteremko. Huchimbi kwenda pembeni hata kidogo, maana mchanga uliotobolewa ubavuni huporomoka, na hauna rafiki.

Kisima cha Mpole kilikuwa cha kwanza kukauka. Cha shangazi yake, hatua chache tu kando, kiliendelea kutoa maji. Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na sasa alikuwa mzee mwembamba, mwepesi wa miguu, mwenye ulimi wa kuchekesha. Alimpa Mpole ndoo moja kila siku bila kuombwa mara mbili. Alisema nguruwe naye ana roho, tena ana adabu kuliko baadhi ya majirani.

Lakini ndoo moja ilikuwa ya kunywa tu. Nguruwe hatoki jasho. Jua likimbana, lazima agaegae kwenye matope, la sivyo atahema mpaka akate roho. Shimo la matope nyuma ya banda lilikuwa limekauka na kupasuka, na wale wadogo walishaanza kufa. Jike ndiye aliyebaki kuwa tumaini la nyumba. Akifa na mimba yake, Mpole hakujua angewaambia nini mke na watoto.

Kwa hiyo akachimba pembeni. Alingoja saa za jua kali, watu wakiwa wamejilaza ndani, akalala kifudifudi ndani ya kisima chake na kijembe cha mpini mfupi, akautoboa mchanga kuelekea upande wa shangazi. Tundu lilikuwa la kupitisha mabega yake, basi. Maji yalipoanza kuja, aliuziba mdomo wa tundu kwa mawe, akaacha nafasi za kupenya maji tu, ili mtu akichungulia asione kitu. Jike akapata matope yake. Mpole akapata usingizi, ingawa haukuwa mzuri.

Baada ya muda shangazi alikuja kumlalamikia. Alimwambia maji yake yanapungua kila siku, hajui yanakwenda wapi, na kwamba sasa inambidi ashuke mpaka chini kabisa kuyafikia. Mpole alimjibu kwamba ni ukame. Alimjibu akiwa ameinama juu ya pipa, akikoroga pumba ambayo ilishakorogeka.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, Mpole alikuwa kisimani akijaza ndoo. Alisikia kishindo kizito, cha chini, kama gunia lililodondoshwa chumba cha pili. Kisha kimya. Kisha sauti, kutoka nyuma ya mawe.

"Mwanangu."

Mpole akaacha kuchota.

"Mwanangu, upo huko?"

Sauti ilikuwa karibu mno. Akajua ameumbuka. Shangazi ameliona tundu, ameingiza kichwa, na sasa anataka asikie mwizi atajibu nini. Akabana pumzi. Sauti ikamwita tena, safari hii kwa unyonge, na Mpole akaibeba ndoo yake polepole isigonge, akapanda ukingo wa pili, akaenda zake.

Jioni alirudi, amejiandaa kuomba msamaha. Kisima cha shangazi hakikuwapo. Palikuwa na mchanga tu, umebonyea kidogo katikati. Angeweza kupiga kelele. Watu wangekuja na majembe, na wangeliona tundu. Alijiambia huenda alitoka kabla mchanga haujaanguka. Alijiambia hivyo njia nzima, na majirani walipouliza, akasema shangazi aliaga kwamba anakwenda kwa binti yake mjini. Waliamini. Nani angemshuku Mpole?

Hakukanyaga tena mtoni. Maji alianza kuyafuata mbali kwa baiskeli, kwenye pampu ya shule, na yalitosha kunywa tu. Shimo la matope hakulitia hata tone.

Ndiyo maana alishangaa mke wake alipomsifu. Binamu yangu alimwambia amefanya vema kuwakumbuka nguruwe, matope leo ni mabichi kabisa. Mpole alidhani anataniwa. Akaenda kutazama. Katikati ya shimo palikuwa na unyevu, mduara wa upana wa sahani. Akauliza nani amemwaga maji. Hakuna aliyemwaga.

Kesho yake mduara ulikuwa wa upana wa sinia. Mchana uliofuata, shimo zima lilikuwa limelowa, na ardhi yote kuzunguka banda ilikuwa kavu kama kigae. Nguruwe hawakuligusa. Joto lilikuwa la kuua, matope yapo mbele yao, nao walijibana ukutani. Jike peke yake alisimama ukingoni, sikio moja ameliinamisha chini.

Wakati wa kula, hawakupiga kelele zao za kila siku. Aliyefuga nguruwe atajua maana yake. Mpole alimwaga pumba, na banda likawa kimya. Akasikia kitu kikikwaruza. Kilikuwa chini. Kikaacha. Kikaanza tena. Povu moja likapanda katikati ya matope, likapasuka taratibu.

"Mwanangu."

Mpole alikimbia mpaka barabarani bila viatu. Alipoulizwa na mkewe, alisema ni nyuki. Tangu hapo ikawa kila siku jua likifika utosini, yeye huziba masikio, na mkewe humwangalia.

Kisha binti wa shangazi akaja. Alikuwa fundi cherehani mjini, na alikuwa amemshonea mama yake gauni jipya, amelikunja vizuri kwenye mfuko. Alipita kwa majirani akiuliza mbona mlango wa mama umefungwa. Walimjibu kwa mshangao: si yuko kwako? Mama hakuwa amefika kwake. Wote wakageuka kumtazama Mpole.

Angeweza kuongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza. Alijaribu, kinywa kikakataa. Akasema, "Twendeni mtoni," na akatangulia.

Walichimba pale alipoonyesha. Mchimba visima wa pale kijijini ndiye aliyeongoza, na wanaume walipokezana majembe. Waliikuta ndoo ya shangazi, imepondeka. Yeye mwenyewe hakuwapo. Mpole alihisi moyo unainuka, kwa muda mfupi tu, akiwaza labda kweli alitoka. Kisha jembe likazama ubavuni, kwenye uwazi.

Mchimba visima akapiga magoti, akachungulia. Akaenda mwenyewe kwenye kisima cha Mpole, akashuka, na wengine wakamfuata.

Shangazi alikuwa nyuma ya mawe. Mchanga ulipomwangukia ulikuwa umemsukumia ndani ya tundu, naye akatambaa kulifuata mpaka mwisho. Baadhi ya mawe yalikuwa yamesukumwa kutoka ndani. Vidole vyake vilikuwa vimepenya kwenye nafasi za maji, vimetokeza upande wa Mpole.

"Huyu hakufa siku hiyohiyo," alisema mchimba visima, kwa sauti ya chini.

Binti hakulia. Walimbeba mama yake mpaka uani kwa Mpole, kwa kuwa ndiko kulikokuwa karibu, wakamlaza kivulini na kumfunika kwa lile gauni. Kisha binti akamwendea Mpole, aliyekuwa ameegemea banda la nguruwe.

"Kaka, nataka uniambie ukweli. Tundu umelichimba, sawa, ni shida za kiangazi. Mama hakukuita?"

"Sikusikia kitu," Mpole alisema.

Jua lilikuwa utosini. Uani palikuwa na watu wengi, na wote wanasema vivyo hivyo mpaka leo: hapakuwa na sauti yoyote. Hakuna mtu aliyeita. Hata nguruwe walikuwa kimya. Lakini Mpole aligeuka ghafla kuelekea shimo la matope, akainamisha kichwa kama mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani, akajibu.

"Naam, shangazi. Nipo."

Binti aligeuka, akarudi kivulini. Hakumuuliza tena.

Walizika siku hiyo, na Mpole hakuruhusiwa kushika jembe. Jike alizaa salama, watoto wengi, wazima wote. Binamu yangu aliwauza pamoja na mama yao, akachukua wanawe akarudi kwao. Mvua ilinyesha baadaye, mto ukajaa.

Mimi nilipita pale mwaka jana. Shimo la matope lilikuwa limekauka na kuwa gumu, na juu yake pana matundu manne ya upana wa kidole, yaliyokaa pamoja, na la tano kando kidogo. Udongo wake umesukumwa kuja juu. Mpole huyaziba kila asubuhi, anashindilia kwa kisigino. Nilikaa naye mpaka mchana, akaitika mara moja tu, bila kuitwa na mtu, na nilipotazama yalikuwa wazi yote, na ndani ya kila tundu pametuama maji.