Maji ya Getini

Bomba la jikoni lilikuwa limefungwa, Noeline alilifunga mwenyewe, na bado kulikuwa na mtu ananawa mikono. Alijilaza kitandani mchana ule wa Januari, gari-nyumba lao limeegeshwa karibu na ufukwe, akasikia viganja vikisuguana taratibu, kisha vidole vikikung'utwa. Matone ya baridi yakamdondokea shavuni. Alipochungulia dirishani akamwona mumewe, Murray, yuko nje anakunja viti.

Hasira ilimwingia kabla ya woga, maana alijua maji yale yametoka wapi.

Jana yake walikuwa kwa Materoa, shoga yake tangu walipokuwa wauguzi wodi moja, naye aliwapeleka makaburini kumsalimia marehemu mumewe. Pale getini pana bomba fupi. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile kama Materoa, hawatoki makaburini bila kunawa pale na kujinyunyizia, ya wafu yabaki kwa wafu. Noeline alinawa. Murray alikuwa ametangulia, na alipomfikia alimkuta anakunja mpira wa maji huku anapiga mluzi. Wastaafu wa magari-nyumba wana ugonjwa huo: wakiona bomba hawaulizi la nani, wanajaza tangi. Materoa hakuona, na Noeline alimeza aibu yake hadi walipoondoka, ndipo akamwambia mumewe ayamwage.

"Maji ni maji, bibie," alijibu Murray. "Hao marehemu wana kiu gani?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku zote. Fundi bomba mstaafu, kichwa kigumu kuliko vyuma alivyofunga, na kila alichoambiwa na mkewe alikifanyia mzaha. Mwanamke mwingine angemshusha barabarani. Noeline alinyamaza kwa sababu ya safari yenyewe: mwisho wake ulikuwa kwa binti yao Philippa, aliyejifungua Tilda majira ya baridi ya Julai, mjukuu wao wa kwanza, ambaye walikuwa hawajambeba hata mara moja.

Sasa birika likichemka linatoa harufu ya udongo mbichi na maua yaliyooza. Murray alikunywa chai ile akasema majani yamechacha.

Walipoondoka ufukweni, sauti ilianza tena nyuma yao. Noeline alimtazama mumewe, mumewe akaongeza sauti ya redio, na kule nyuma viganja vikaendelea kusuguana, vikavu kwanza halafu vya majimaji, vikasogea kutoka kwenye sinki hadi mezani na kutoka mezani hadi nyuma ya viti vyao, mpaka harufu ya maua ikajaa kooni na matone yakawapiga wote wawili shingoni, na Murray, ambaye hakuwahi kuogopa kitu mbele ya mkewe, akaona kwenye kioo begani mwa shati lake alama ya mkono uliolowa, vidole vyote vitano, ikienea taratibu kuelekea kifuani.

Alisimamisha gari pembeni.

"Nani yuko nyuma?" alinong'ona.

"Uliyemkaribisha wewe." Noeline aliizima redio. "Miaka yote umenifanya mjinga, nikakaa kimya. Lakini hili hulifikishi kwa mjukuu wangu, Murray. Utanizika kwanza."

Alimpigia simu Materoa, akamweleza kila kitu.

"Yarudisheni," alisema Materoa. "Msimwage njiani hata tone. Na huyo mzee wako mwambie nitasema naye mwenyewe."

Walikuta getini Materoa na kaka yake Pita, ambaye ndiye huongoza sala za ukoo. Pita hakumpa Murray mkono. Alisali kwa Kimaori sala ndefu huku tangi likimwagika chini ya bomba lile lile, na ndani ya gari kitu kikagonga makabati moja baada ya jingine, kikatulia. Harufu ikaondoka.

"Yamekwisha yote?" Pita aliuliza. "Birika, chupa, kila kitu?"

"Yote," alisema Murray, masikio yamemwiva kwa aibu.

Aliomba radhi, na Materoa alimsema mpaka akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza Noeline alimwonea huruma, na hasira yake ikaanza kupoa barabarani.

Kwa Philippa walipokewa kwa keki na machozi. Tilda alikuwa anaota meno, analia hata hashikiki. Murray akamchukua, akazunguka naye uani, akaingia naye garini na kutoka, na Noeline alipofika barazani na sahani, mtoto alikuwa ametulia mapajani mwa babu yake, ananyonya kitambaa.

"Barafu," alisema Murray, uso umejaa furaha. "Inamtuliza fizi."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye friji letu. Niliigandisha siku ile tulipotoka kwa..."

Hakumalizia. Noeline aliangusha sahani akakipokonya kile kitambaa, lakini ndani yake hapakuwa na kitu tena, ila unyevu.

Tilda hakulia. Alimtazama bibi yake, akaleta viganja vyake vidogo pamoja, akavisugua taratibu. Kisha akakung'uta vidole, na matone ya baridi yakamdondokea Noeline shavuni.

Noeline aliishika mikono ile, akaipapasa. Ilikuwa mikavu.